Saratani ya Nyayo na Kucha: Je, Mgonjwa Atapona?



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunajifunza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia kwa jina lake, ingawa huenda tumewahi kumwona mtu aliyekuwa nao. Ni aina ya saratani ya ngozi iitwayo melanoma, inayoota kwenye wayo wa mguu, kwenye kiganja cha mkono, au chini ya ukucha. Siyo ugonjwa wa kila siku kama malaria. Lakini ukimpata mtu, jamaa zake wote huuliza swali moja: "Je, atapona?"

Swali hilo tunataka kulijibu bila kuficha na bila kutisha. Jibu lenyewe tulitaje mapema ili kila mmoja alishike. Katika ugonjwa huu mtu anaweza kupona kabisa au anaweza kufa, na mara nyingi kinachotenganisha mambo hayo mawili ni milimita chache tu za unene wa uvimbe siku ile ulipokatwa. Milimita hizo huongezeka kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uponyaji imo mikononi mwa familia, kabla hata daktari hajamwona mgonjwa.

1. MELANOMA NI NINI?

Katika ngozi ya kila mtu zimo chembe hai, yaani seli, ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi. Ndizo zinazotupa weusi wetu, na weusi huo hutukinga na ukali wa jua. Wakati mwingine seli moja kati ya hizo huharibika, ikaanza kuzaana ovyo bila kufuata utaratibu wa mwili. Hapo ndipo melanoma inapoanza.

Mwanzoni seli hizo husambaa juu juu, katika tabaka la ngozi lisilo na mishipa ya damu. Wakati huo mtu huona baka jeusi tu. Haliumi, haliwashi, wala halimzuii kwenda shambani. Baadaye seli huanza kuzama chini. Zikifika penye mishipa ya damu na mishipa ya limfu huweza kusafiri. Mara nyingi hutua kwanza katika tezi: kama ugonjwa uko mguuni, mgonjwa huota mitoki kinenani, kama uko mkononi, huvimba kwapani. Kutoka hapo huweza kufika kwenye mapafu, ini, mifupa na ubongo.

Kwa watu weupe melanoma ni ugonjwa unaofahamika sana, na mara nyingi huletwa na jua. Kwetu sisi weusi ni ugonjwa wa nadra, lakini ukitokea huchagua mahali ambapo jua halifiki: nyayo, viganja na kucha. Aina hii ilielezwa kama aina ya pekee mwaka 1976 na daktari wa Marekani aitwaye Richard Reed, na wataalamu huiita melanoma ya akrali, maana yake melanoma ya ncha za mwili. Nchini Marekani, katika kila melanoma 100 za ngozi, aina hii ni 2 au 3 tu. Lakini ukiwahesabu Wamarekani weusi peke yao, inafika 36 katika kila 100.

Hapa yafaa tuondoe mawazo potofu. Ugonjwa huu hauambukizi. Mgonjwa anaweza kula sahani moja na watoto wake. Hautokani na kulogwa wala kukanyaga dawa njiani. Jua silo chanzo chake kikubwa. Watafiti wameona kwamba hupenda kutokea kwenye kisigino na sehemu nyingine za wayo zinazobeba uzito wa mwili, lakini haijathibitishwa kwamba kuumia mara moja kunaweza kuuleta. Mara nyingi jeraha huwa ndilo linalomfanya mtu atazame mguu wake, au humdanganya asielewe kilichokuwapo tangu zamani.

Ndugu zetu wenye ualbino wao hupatwa sana na saratani za ngozi, lakini kwa kawaida ni za aina nyingine zinazoletwa na jua, usoni, masikioni na shingoni. Kwao kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima. Somo la leo linahusu ugonjwa tofauti, ambao kofia haiuzuii.

2. HUJIFICHA KATIKA SURA YA MAGONJWA MENGINE

Hatari ya kwanza ya melanoma ya nyayo na kucha ni kwamba hufanana na mambo madogo tuliyoyazoea. Mtu husema ni sugu, ni chunjua, ni mwiba uliobaki ndani, ni alama ya funza, ni fangasi wa kucha, ni mdudu wa kidole, ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Mwenye kisukari akiona kidonda mguuni husema ni kisukari. Mara nyingi husema kweli, kwa sababu magonjwa hayo ni mengi na melanoma ni chache. Lakini dalili zifuatazo zitufanye tuache kubahatisha:

(a) Baka jeusi au la kahawia kwenye wayo au kiganja ambalo ni jipya, au linakua, au kingo zake hazilingani, au lina rangi zilizochanganyika.

(b) Mstari mweusi katika ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka, au weusi uliovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi iliyo kando yake. Dalili hii ya weusi kuvuka ukucha ilielezwa na daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson katika karne ya 19, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

(c) Ukucha unaopasuka au kuinuka kwa sababu nyama inaota chini yake.

(d) Kidonda au kinyama mguuni kinachotoka damu kirahisi, au ambacho hakijapona baada ya miezi miwili ya kutibiwa. Yafaa tukumbuke kwamba melanoma nyingine hazina weusi wowote; huwa nyekundu au za rangi ya waridi.

Je, kila weusi ni saratani? Hapana. Watu weusi wengi, hasa watu wazima, wana mistari myeusi kwenye kucha kadhaa, na wengine wana madoa meusi kwenye nyayo zote mbili. Madoa hayo yakiwa mengi, yakifanana, na yakikaa miaka bila kubadilika, kwa kawaida hayana madhara. La kuogopa ni lile lililo peke yake na linalobadilika.

Kuhusu damu iliyovilia chini ya ukucha, iko njia nyepesi ya kuipima. Ukucha unakua kuelekea mbele, na damu husogea pamoja nao. Nyuma yake huonekana ukucha safi. Ukucha wa mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi. Ule wa dole gumba la mguu hukua polepole zaidi, na huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kumalizika wote. Pigeni picha kwa simu leo, rula ikiwa kando ya kidole, kisha pigeni tena baada ya mwezi mmoja. Kama weusi haukusogea, au umepanuka, nendeni hospitali. Kama dalili nyingine tulizotaja zipo, msingoje hata huo mwezi.

3. MFANO WA MTU ANAYEJULIKANA

Wengi wetu tunalifahamu jina la Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaica. Mwaka 1977 aligundulika kuwa na melanoma chini ya ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia. Yeye na watu wake walikuwa wakidhani ni jeraha la mpira wa miguu, maana aliupenda sana mchezo huo. Alishauriwa kidole kikatwe, naye hakukubali. Akaondolewa ukucha na nyama ya chini yake, na ngozi ikapandikizwa hapo.

Aliendelea na kazi. Mwezi Aprili 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Mwezi Septemba mwaka huo huo alianguka akiwa mazoezini jijini New York, na madaktari wakaona kwamba ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba angekatwa kidole angepona. Lakini mfano huu unatufundisha mambo mawili. Kwanza, jeraha la mpira na saratani huweza kufanana kabisa machoni. Pili, miaka mitatu ya nguvu na afya baada ya ugonjwa kugunduliwa haina maana kwamba umekwisha. Unaweza kuwa unatembea kimya ndani ya mwili.

4. DAKTARI ATAFANYA NINI?

Jambo la kwanza ni kukata kinyama na kukipeleka maabara kikaangaliwe kwa hadubini. Hakuna daktari anayeweza kuthibitisha melanoma kwa macho tu. Kwa kawaida kazi hii hufanyika kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Tunajua kuna watu wasemao, "Saratani ikiguswa na kisu husambaa." Maneno hayo yamewafanya wengi wabaki nyumbani. Ukweli ni kwamba kukata kinyama kwa uchunguzi, kukifanywa na mtaalamu, hakusambazi ugonjwa. Kinacholeta hasara ni kuchanja kwa wembe, kuchoma kwa moto au tindikali, na kufunika kwa dawa za majani mwezi baada ya mwezi. Mambo hayo huharibu alama ambazo daktari alihitaji kuziona, na hula muda wa mgonjwa.

Jambo jingine la kulikumbuka sana: kila kinyama kinachokatwa mguuni, hata kama kimeitwa chunjua, kisitupwe. Ulizeni kwa heshima, "Daktari, kinyama hiki kitapelekwa maabara? Majibu yatatoka lini?" Kisha rudini kuyachukua majibu hayo. Mtu anayekatwa "chunjua" zahanati, kikatupwa, akarudi mwaka unaofuata na mitoki kinenani, amepoteza mwaka ambao ungemponya.

Katika majibu ya maabara ulizeni namba moja: unene wa uvimbe kwa milimita. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1970 na daktari wa Marekani, Alexander Breslow, naye alionyesha kwamba kina cha uvimbe kinabashiri vizuri mwisho wa mgonjwa. Ulizeni pia kama ngozi ya juu ya uvimbe imekwisha kuchubuka na kuwa kidonda, maana hilo huongeza hatari. Baada ya hapo daktari atapapasa tezi za kinena au kwapa, na pengine ataagiza picha za kifua na tumbo.

5. NAMBA ZINASEMA NINI?

Kwanza tuelewe namba za namna hii ni za nini. Daktari akisema "wagonjwa 80 kati ya 100 wanaishi", anaeleza yaliyowapata watu wengi waliotangulia. Hajui kama baba yenu atakuwa miongoni mwa 80 au miongoni mwa 20. Namba hutusaidia kujiandaa na kuchagua tiba. Hazimhukumu mtu mmoja.

Kwa melanoma ya nyayo na kucha, hesabu kubwa ilifanywa Marekani kwa wagonjwa 1,413 waliogunduliwa kati ya mwaka 1986 na 2005. Baada ya miaka 5, asilimia 80 walikuwa hawajafa kwa ugonjwa huo. Baada ya miaka 10 ilikuwa asilimia 67 na nusu. Kwa melanoma za ngozi zote zikijumlishwa, namba zilikuwa asilimia 91 na asilimia 87 na nusu.

Namba hizo zina mafunzo mawili. La kwanza, ugonjwa huu ni mkali kuliko melanoma nyingine, na sababu moja kubwa ni kwamba huchelewa kugunduliwa, ukiwa umekwisha kuwa mnene. La pili, kati ya mwaka wa 5 na wa 10 bado watu waliendelea kufa. Kwa hiyo mgonjwa aliyetimiza miaka mitano amshukuru Mungu, lakini asiache kwenda kupimwa.

Sasa tazameni nguvu ya kuwahi. Mwaka 2017 wataalamu walipanga upya hatua za melanoma kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 46,000 wa aina zote za melanoma ya ngozi. Katika hatua ya kwanza, uvimbe ukiwa mwembamba na tezi zikiwa safi, wagonjwa 98 kati ya 100 walikuwa hawajafa kwa ugonjwa huo baada ya miaka 5. Katika hatua ya tatu, ugonjwa ukiwa umevuka mahali ulipoanzia kuelekea kwenye tezi, namba zilitofautiana sana: 93 kwa wale wenye dalili chache, mpaka 32 kwa wale walioathirika zaidi. Wagonjwa hao walitibiwa katika hospitali kubwa za nchi tajiri, na wengi hawakuwa na aina hii ya nyayo. Kwetu tusitegemee namba nzuri kama hizo. Lakini mwelekeo wake ni ule ule kila mahali: mwembamba hupona, mnene huua.

6. TIBA KUU NI UPASUAJI

Melanoma ikiwa haijasambaa hutibiwa kwa kuikata yote pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuizunguka. Zamani madaktari walikata ukingo wa sentimita 5, na mgonjwa alibaki na shimo kubwa. Utafiti umeonyesha kwamba si lazima. Uvimbe usiozidi unene wa milimita 1 hukatwa na ukingo wa sentimita 1. Unaozidi milimita 2 hukatwa na ukingo wa sentimita 2. Ule ambao haujazama kabisa huhitaji hata chini ya sentimita 1. Pengo huzibwa kwa ngozi iliyotolewa pajani au mahali pengine.

Ikiwa ugonjwa uko chini ya ukucha na umekwisha kuzama, mara nyingi huwa lazima kukata sehemu ya kidole. Tunajua hili ni gumu kulipokea. Mkulima hufikiri juu ya jembe lake, fundi cherehani hufikiri juu ya cherehani yake, kijana hufikiri juu ya mchumba. Basi tuseme wazi: kupoteza kidole kimoja hakumzuii mtu kutembea, kulima wala kuoa. Na si kweli kwamba kila mwenye ugonjwa huu hukatwa mguu. Kukata mguu mzima hakuongezi maisha kuliko kukata uvimbe wenyewe kwa ukingo unaotosha. Mguu hukatwa tu pale uvimbe ulipokuwa mkubwa kiasi kwamba hauwezi kuondolewa kwa njia nyingine. Hiyo nayo ni sababu ya kuwahi: anayewahi huacha kidole, anayechelewa huweza kuacha mguu.

Katika hospitali zenye vifaa, daktari huweza pia kutafuta ile tezi ya kwanza inayopokea maji kutoka kwenye uvimbe, akaitoa na kuipima. Njia hii ilitangazwa mwaka 1992 na Donald Morton wa Marekani. Haimponyi mgonjwa yenyewe, lakini inaonyesha ugonjwa umefikia wapi. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, hata chembe za ugonjwa zikionekana katika tezi hiyo, kuondoa tezi zote zilizobaki hakurefushi maisha kuliko kumfuatilia mgonjwa kwa makini. Hii ni faida, kwa sababu kuondoa tezi zote za kinena huweza kuacha mguu umevimba maisha yote.

Baada ya upasuaji mgonjwa aonwe kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa tano, na baadaye mara moja kwa mwaka. Nyumbani ajipapase kinena au kwapa kila mwezi, na atazame kovu na nyayo zote mbili.

7. UGONJWA UKIWA UMESAMBAA

Kwa miaka mingi melanoma iliyosambaa ilikuwa karibu sawa na hukumu. Dawa ya dripu iitwayo dacarbazine, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1975, ilipunguza uvimbe kwa wagonjwa wachache, na wengi walifariki kabla mwaka haujaisha. Mionzi hupunguza maumivu ya mifupa na dalili za ubongo, lakini haimalizi ugonjwa.

Kuanzia mwaka 2011 mambo yalibadilika. Zilikuja dawa zinazoondoa breki katika kinga ya mwili, ili kinga yenyewe ishambulie saratani. Wataalamu James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliofungua njia hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa 945 wenye melanoma iliyofika mbali, matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya waliopewa dawa mbili za namna hii kwa pamoja, asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Hilo halikuwahi kuonekana zamani.

Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu. Melanoma ya nyayo na kucha huitikia dawa hizi kwa unyonge kuliko melanoma ya jua. Katika tafiti mbalimbali, dawa moja ya aina hii peke yake ilipunguza uvimbe kwa mgonjwa mmoja kati ya sita hadi mmoja kati ya watatu. Wagonjwa wachache wana badiliko maalumu katika seli linaloruhusu watumie vidonge vya imatinib. Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumab na pembrolizumab katika orodha ya dawa muhimu kwa melanoma iliyosambaa mwaka 2019. Hata hivyo bei yake ni kubwa mno kwa familia zetu nyingi. Kabla ya kuuza shamba au ng'ombe, kaeni na daktari, muulizeni waziwazi: "Dawa hii inatarajiwa kuponya au kurefusha siku? Kwa kiasi gani? Nani atalipia mpaka mwisho?" Maswali hayo siyo utovu wa adabu.

Na pale uponyaji usipowezekana, matibabu hayaishi. Maumivu yanaweza kutulizwa kwa mofini ya maji inayonywewa, na mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maelekezo ya daktari hageuki mtumwa wa madawa ya kulevya. Kidonda chenye harufu huoshwa kila siku kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na mhudumu anaweza kuelekeza kunyunyiza unga wa vidonge vya metronidazole vilivyosagwa. Harufu hupungua sana. Mgonjwa asitengwe chumba cha nyuma. Akiuliza hali yake, aambiwe ukweli kwa upole, ili apate nafasi ya kupatana na watu, kupanga mambo ya watoto na kuandaa roho yake. Kumficha kila kitu humwacha mpweke.

8. FAMILIA IFANYE NINI?

Kwanza, wekeni desturi ya kutazama nyayo. Mara moja kwa mwezi, jioni watu wanapooga, kila mmoja asugue miguu vizuri kisha atazame nyayo, katikati ya vidole na kucha zote. Wazee ambao hawawezi kuinama watazamwe na wajukuu. Rangi ya kucha iondolewe kwanza.

Pili, ukiona dalili tulizotaja, anzia zahanati au kituo cha afya, lakini usikae hapo kwa kuzungushwa na mafuta ya kupaka. Dawa ya fangasi au antibayotiki isiposaidia, omba barua ya rufaa. Tanzania tunazo hospitali zinazohudumia wagonjwa wa saratani, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC Moshi. Hapo KCMC kipo pia kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi mbalimbali za Afrika.

Tatu, tunzeni karatasi zote: majibu ya maabara, barua za rufaa na picha. Daktari wa pili asiyejua unene wa uvimbe wa kwanza ni kama msafiri asiyejua alikotoka.

Nne, majirani wasaidie nauli mapema. Mara nyingi sisi huchanga fedha nyingi mtu akiwa mahututi au akiwa amekufa. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa wakati baka bado ni dogo ni mchango mdogo kuliko sanda na jeneza, na ndio mchango unaoweza kumrudisha mtu nyumbani.

Tumalizie na swali la mwanzo. Je, atapona? Akiletwa na baka jembamba, jibu la kawaida ni ndiyo. Akiletwa na mitoki, jibu ni huenda. Akiletwa ugonjwa ukiwa mapafuni, mara nyingi tutabaki kumtunza. Mtu ni yule yule na mguu ni ule ule. Tofauti ni siku aliyoletwa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni lini mara ya mwisho kila mmoja wetu alitazama nyayo zake?
2. Je, yuko nyumbani au jirani mwenye kidonda cha mguu au ukucha mweusi ambao haujapona kwa miezi miwili?
3. Tutawajibu nini wanaosema saratani isiguswe na kisu?
4. Tunawezaje kuchangia nauli ya mgonjwa kabla hajazidiwa?